Mbegu kwanza, samaki watafuata
(Maneno yaliyosemwa kwa mkutano wa wanamemba, Kamina)

 

Leo tuko na jambo moja: namna ya kuanzisha mboga kwa mbegu, katika vitanda vya changarawe vinavyonyweshwa na maji ya samaki. Wengi wanauliza juu ya nini tunaanza na mbegu, na samaki wa Bukama tunawajua tangu zamani. Jibu ni fupi. Tilapia anataka miezi mingi kabla ya kufika kwa sahani. Lengalenga inataka wiki chache tu. Na sisi tuliorudi, wengine toka Meheba kule Zambia, wengine toka Nyarugusu kule Tanzania, wengi tulikuta shamba linalimwa na mwingine. Kesi ya shamba inaweza kukaa kwa chifu mwaka mzima, lakini mtoto hawezi kula bukari bila mboga mwaka mzima. Kitanda kidogo nyuma ya nyumba hakigombanishi mtu na jirani.

Tukumbuke kwanza kazi ya maji. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Bakteria wanaokaa juu ya changarawe wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati njo chakula cha mboga. Mboga ikikula, maji yanarudi safi kwa samaki. Lakini bakteria hawazaliwi siku moja: wanataka kama wiki 4 mpaka 6. Mche wa mboga ya majani unataka kama wiki 3 ao 4 kwa sanduku. Basi, tukipanda mbegu wiki 2 kisha maji kuanza kuzunguka, miche na kitanda vitakuwa tayari pamoja.

Tusimwage mbegu ndogo moja kwa moja kwa changarawe. Mbegu ya lengalenga iko kama vumbi. Itaanguka katikati ya mawe, ioze kule chini. Tena, sentimita 3 mpaka 5 za juu za kitanda zinapaswa kubaki kavu ili ukoga usiote, na mbegu haimei kwa jiwe kavu. Paka mbegu kubwa, kama maharagi, njo tunaweza kuzishindilia mpaka pale penye unyevu.

Kwa pepinieri, tufuate hivi:

1. Tupate sanduku ao bidoni iliyokatwa, tuitoboe chini.
2. Tujaze mchanga wa mto uliooshwa vizuri. Hapana mbolea ya mbuzi, hapana udongo wa shamba: vinaleta ugonjwa na kuziba mpira wa maji.
3. Mbegu tuifunike kidogo sana, tunyunyize maji kidogo kidogo, tuweke kivuli cha nyasi. Ikimea, tutoe kivuli polepole.
4. Majani ya kwanza ya kweli yakionekana, tumwagilie maji ya samaki. Mbele ya hapo mbegu iko na chakula chake yenyewe.
5. Mche ukifikisha majani 4, tuuhamishe magaribi, jua likipungua. Tuoshe mizizi kwa ndoo, kisha tuishushe mpaka iguse unyevu.

Mwezi wa 6 na wa 7 usiku wetu uko baridi. Masanduku ya tomati yalale ndani ya nyumba.

Shirika la FAO lilitoa kitabu juu ya kazi hii mwaka 2014. Kinatoa kipimo: mboga za majani miche 20 mpaka 25 kwa metre mraba, tomati 4 tu. Na kwa kila metre mraba ya majani, samaki wale gramu 40 mpaka 50 za chakula kwa siku.

Changarawe tuipime kwa ndimu: ikitoa povu, tuiache. Mawe ya reli tusiyaguse. Yako na mafuta, na si yetu. Dawa ya wadudu hapana kabisa: inayoua wadudu kwa jani inaweza kuua samaki pia.

Iko neno la kura. Kura ikikatika, pompi inasimama, na samaki njo wanaumia wa kwanza. Lakini sanduku la miche linataka kopo na mkono tu. Njo maana tunaomba pesa ya kasa ya kwanza iende kwa mbegu, na pompi ingoje.

Tunawaletea pendekezo hili muamue: pepinieri moja ya pamoja, kila nyumba ilete sanduku moja. Wajane na wazee wasio na shamba wapate miche 20 ya kwanza. Kila anayepokea aache miti 2 ya lengalenga ichanue, arudishe mbegu kwa ushirika. Mti mmoja unazaa mbegu maelfu. Hivyo mbegu tunazonunua mara hii, msimu ujao hatutazinunua tena.

Sasa maneno ni yenu.