Makazi ya Mwenye Kwenda Kusaidia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Makusudio ya maneno haya ni kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo, nalo ni hili: mtu anayetoka kwake kwenda kuwasaidia waliofikwa na maafa, yeye mwenyewe atalala wapi? Aghalabu watu hushughulika na khabari ya mchele, ya dawa, ya nguo na ya mabati. Malazi ya msaidizi huachwa mpaka siku ya mwisho, kisha husemwa, “Watu wa huko ni wakarimu, hatakosa pa kulaza ubavu.” Hapana shaka kwamba ni wakarimu. Walakini khatari yenyewe imo mumo humo katika ukarimu wao.

Usiku wa tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga kilichoitwa Kenneth kiliingia nchi kavu katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, baina ya Macomia na Mocímboa da Praia. Zilikuwa zimepita wiki sita tu tangu kimbunga Idai kuipiga Beira. Upepo wa Kenneth ulikadiriwa kufika kilomita 220 kwa saa. Upande wa Msumbiji walifariki watu 45. Kisiwani Ibo, na katika Quissanga na Macomia, nyumba nyingi zilianguka au zikaezuliwa, kwani nyingi katika pwani hiyo ni za miti na udongo na mapaa yake ni makuti. Baada ya upepo zikafuata mvua kubwa na mafuriko, na mwanzoni mwa Mei kipindupindu kikatangazwa Pemba.

Maafa hayo yaliwakuta watu waliokuwa tayari katika taabu nyingine, maana mashambulio ya silaha yalianza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017. Mji wa Palma ulishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na katika mwaka huo wa 2021 waliohama makwao katika mkoa walizidi 700,000. Wengi wa hao hawakukaa katika kambi. Walipokewa na ndugu, na jamaa, na hata na watu wasiowajua, majumbani mwao. Chakula cha watu watano kililiwa na watu kumi na wawili, na mkeka wa mtoto mmoja ukalaliwa na watoto watatu.

Ndani ya nyumba kama hiyo ndimo anamobisha hodi mtu wa kujitolea. Mila ya pwani inajulikana: mgeni hupewa kitanda, na mwenye nyumba hushuka chini. Mgeni hupewa maji ya kuoga, na binti wa nyumba hurudi kisimani mara ya pili. Hakuna atakayemwambia kwamba amewabana, kwani kumwambia ni aibu. Na akisema, “Basi mimi nitapanga kwa fedha yangu,” jambo huzidi kuwa gumu. Nyumba chache zilizobaki na paa zima zikipangwa na wageni wenye fedha, kodi hupanda, na mama aliyekimbia na watoto wake hukosa chumba alichokuwa akikiweza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ambaye kuja kwake kunamtoa mwenyeji kitandani hajamponya.

Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingine watu wa kujitolea wamezoea kwenda na malazi yao wenyewe. Moja katika malazi hayo ni trela dogo la kulala, yaani kijumba kilichojengwa juu ya magurudumu mawili na kuvutwa nyuma ya gari, chenye kitanda, kabati na dirisha. Ni kitu kizuri kwa kazi hiyo. Lakini lililo zuri kwa barabara za Ulaya na Marekani si lazima lifae katika njia ya Macomia, na anayetaka kulichagua yampasa ajiulize mambo kadhaa kwa utaratibu.

La kwanza ni njia. Kutoka Pemba kwenda kaskazini, gari hufuata barabara inayopita Sunate, Macomia na Awasse kabla ya kufika Mocímboa da Praia, na mbele yake Palma. Mwishoni mwa Disemba 2019 mvua zilivunja daraja la mto Montepuez katika barabara hiyo, na wilaya za kaskazini zikakatika na Pemba. Trela lililo chini chini, lenye magurudumu madogo kama ya kitoroli, litakwama katika tope la kwanza. Linalofaa ni lile lililoinuliwa juu, lenye magurudumu ya ukubwa ule ule wa magurudumu ya gari linalolivuta, ili gurudumu moja la akiba litumike kwa vyote viwili. Tena, katika njia iliyopata kushambuliwa, gari lenye trela haligeuki upesi wala halirudi nyuma kwa urahisi. Basi asiondoke mtu bila ya kauli ya wakuu wa wilaya na wazee wa mahali anapokwenda. Asiyeambiwa pita, asipite.

La pili ni uzito. Katika Ulaya trela lisilozidi kilo 750 pamoja na mzigo wake huruhusiwa kuvutwa bila ya kuwa na breki zake lenyewe, na kipimo hicho ni mwongozo mzuri kwa gari la kawaida. Mtu asihesabu uzito wa trela tupu peke yake. Maji ya watu wawili, kila mmoja lita 15 kwa siku, kwa siku tatu ni lita 90, nazo ni kilo 90 kabla ya kupakiwa hata mfuko mmoja wa unga. Vitu vizito na viwekwe karibu na magurudumu, vikielekea mbele kidogo, hata sehemu kama moja ya kumi ya uzito wote iegemee ndoana ya gari. Trela lililolemewa nyuma huyumba likikimbia, na likiyumba huweza kuliangusha gari pamoja nalo.

La tatu ni hewa, na katika hili liko funzo lililonunuliwa ghali. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, serikali ya Marekani iliwaweka makumi ya maelfu ya jamaa zilizopoteza nyumba katika matrela. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kulalamika macho kuwawasha, pua kutoka damu na kifua kubana. Mwezi wa Februari 2008 wataalamu wa afya wa serikali hiyo walitangaza matokeo ya kupima hewa katika makazi 519 ya namna hiyo. Walikuta gesi iitwayo fomaldehaidi, wastani wa sehemu 77 katika bilioni, kiasi kilicho juu sana kuliko cha nyumba za kawaida. Gesi hiyo hutoka katika gundi ya mbao za kubandika, na huzidi kwa joto na unyevu. Ni pwani gani yenye joto na unyevu kuliko hii wakati wa masika? Basi anayenunua trela jipya na alifungue madirisha wiki nyingi kabla ya kulilalia. Na achague lenye madirisha mawili yanayokabiliana, yenye wavu wa mbu, na paa jeupe. Likisha kuegeshwa, lijengewe kivuli cha makuti juu yake, kwani bati lililo juani huwa tanuri. Na moto wa kupikia usiwashwe ndani kabisa, maana hewa ya mkaa huua usingizini bila ya kubisha hodi.

La nne ni ukubwa. Kanuni zinazofuatwa na mashirika mengi ya misaada ulimwenguni, zijulikanazo kwa jina la Sphere, zinataka kila aliyepoteza nyumba apate angalau mita za mraba tatu na nusu chini ya paa. Trela la urefu wa mita tatu na upana wa mita moja na sentimita themanini lina mita za mraba tano na kitu. Kwa kipimo cha waathirika linamtosha mtu mmoja, na wawili wakilala humo watabanana. Na ijapokuwa ni hivyo, asitafute kubwa zaidi. Msaidizi ambaye makazi yake ni mapana kuliko ya anaowasaidia hataketi nao kwa raha, wala wao hawataketi naye.

La tano ni choo. Matrela mengine yana choo chenye tangi, na muuzaji hulisifu sana. Lakini tangi likijaa litamwagwa wapi, katika mji uliokwisha kuonja kipindupindu? Bora trela lisilo na choo, na msaidizi achimbe shimo pamoja na wenyeji, umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani.

La sita ni upepo, na hili ndilo linalosahauliwa. Nguvu ya upepo haizidi kwa kadiri ya mwendo wake tu. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Upepo wa kilomita 220 kwa saa ukilipiga trela ubavuni, penye eneo la mita za mraba sita, huusukuma ubavu huo kwa nguvu ipatayo uzito wa tani moja na zaidi, na trela lenyewe halifiki hata tani moja. Minyororo na vigingi husaidia katika upepo wa kawaida. Katika kimbunga, trela si makazi. Khabari ya kimbunga ikija, msaidizi atoke pamoja na jirani zake waende katika jengo la mawe lililo mbali na maji, liwe msikiti au skuli, na trela aliachie Mola.

Yamebaki maneno ya visiwa. Anayekwenda Ibo huliacha gari bara, upande wa Quissanga, kisha hungoja maji yajae apande mashua. Huko trela halifiki, hata liwe zuri namna gani. Huko linalofaa ni khema nyepesi, au kulala katika chombo chenyewe kama walivyolala mabaharia wa pwani hii karne nyingi, chakula chao, maji yao na tanga lao vikiwa pamoja nao. Kwa hakika jahazi ndilo trela la kale la pwani: mtu huenda na nyumba yake, hashushi mzigo wake juu ya kichwa cha mwingine, na siku akiondoka huacha ufuo ulivyokuwa.

Ndugu waungwana, ukiyakusanya yote hayo utaona kwamba kipimo ni kimoja. Makazi ya msaidizi yachaguliwe kwa swali hili: je, kwa ajili ya makazi haya kuna mtu atakayelala vibaya zaidi kuliko jana? Ikiwa yupo, yakataliwe hata yakiwa ya bure. Ikiwa hayupo, yakubaliwe hata yakiwa khema iliyotiwa viraka. Na kazi ikiisha, trela zima lenye paa jeupe na wavu wa mbu si lazima lirudi lilikotoka. Laweza kuachwa likawa chumba cha mkunga, au ghala ya dawa penye zahanati iliyoanguka. Anayelinunua na alinunue kwa nia hiyo tangu mwanzo, kwani nia hiyo itamzuia kununua la anasa, na itamfanya alitunze kama mali ya watu aliowekewa amana.

Wanachama wenye kuandaa safari za msaada wanaombwa waongeze mstari mmoja katika orodha zao, juu kabisa, kabla ya mchele na kabla ya mabati: msaidizi atalala wapi, na ni nani atakayempisha. Mstari huo ukijazwa vyema, mengi yaliyo chini yake yatakuwa mepesi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awarudishe salama waliohama, na azikubali amali za wenye kujitolea. Wabillahi tawfiq.