Shubiri katika maji ya kuku



Kiangazi kikianza, katika vijiji vyetu vingi, na vile vya Wilaya ya Sikonge kusini mwa Tabora vikiwemo, utakuta vipande vya majani ya shubiri vinaelea katika chombo cha maji ya kuku. Wengine huyaponda majani hayo na kuyachanganya na pumba za mahindi. Muulize mama mwenye nyumba, atakwambia ni dawa ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri.

Wapo wasomi wanaocheka wakisikia hayo. Wapo na wafanyabiashara wanaoisifu shubiri kana kwamba hakuna isichoponya. Wote hao hawamsaidii yule mama, na hasara yake si ndogo. Sikonge ni nchi ya tumbaku na asali, mazao ambayo fedha yake huja kwa msimu. Katikati ya msimu na msimu, sare ya shule, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali na kitoweo cha mgeni vyote hutoka kwa kuku. Na mdondo ukiingia katika kundi lisilochanjwa waweza kuwafagia karibu wote katika siku chache.

Basi je, shubiri inafaa? Jambo hili limepimwa hapa hapa nchini. Mwaka 2002 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine cha Morogoro, walitoa matokeo ya majaribio ya aina moja ya shubiri ya porini kwa kuku wa kienyeji walioambukizwa mdondo kwa makusudi. Vifo vilipungua kwa kiasi, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa wale walioanza kupewa majimaji ya shubiri wiki mbili kabla ya kuambukizwa. Lakini kuku waliendelea kufa. Watafiti hao waliijaribu pia kwa homa ya matumbo ya kuku, ambayo huletwa na bakteria, wakaona nayo inapunguza makali.

Naomba tulitazame vizuri hilo neno "kabla". Mama wa kijijini mara nyingi huikimbilia shubiri akishaona kuku wawili wamejikunyata, wanaharisha kijani na kupinda shingo. Wakati huo virusi vimekwisha enea bandani. Jani lile lingemsaidia zaidi kama lingekuwa sehemu ya chakula na maji kabla ya hatari kufika. Tena kwa kiasi, maana utomvu wa shubiri ni dawa ya kuendesha, na kifaranga akizidishiwa ataharisha kwa sababu ya dawa yenyewe. Na shubiri si moja. Zipo aina nyingi, na si halali kudai kwamba kila jani lenye miiba na uchungu lina nguvu ile ile.

Mlonge ni habari nyingine. Majani yake makavu yana protini inayokaribia robo ya uzito wake, nayo ni nyongeza nzuri katika pumba ambazo peke yake ni chakula hafifu. Kuku aliyeshiba vizuri hustahimili mengi. Mdondo, hata hivyo, mlonge hauuzuii.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni ule unga wa antibiotiki unaonunuliwa duka la pembejeo bila kuuliza mtu. Mdondo ni ugonjwa wa virusi, na antibiotiki haiviui. Masalia ya dawa huingia katika mayai na nyama tunayokula sisi wa mjini, na vimelea huzoea dawa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kuanzia Januari 2006 kutia antibiotiki katika chakula cha mifugo kwa ajili ya kuikuza tu, na tangu hapo viwanda vyao vimezidi kutafuta mimea ya dawa ya kuchanganya katika chakula. Kwa hiyo yule mama wa Sikonge anayemtilia kuku wake shubiri hayuko nyuma ya dunia kama tunavyodhani.

Lakini dawa ya kuuzuia mdondo ipo, nayo ni chanjo. Ile iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Australia, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na kwa miaka mingi imetengenezwa hapa nchini, mwanzo katika maabara ya mifugo ya Temeke. Ni tone moja jichoni, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa nini basi mama yule hana? Kwa sababu chupa moja ni ya kuku wengi, naye anao kumi na wawili. Ikishafunguliwa haikai, na bwana mifugo yuko mbali. Jani la shubiri liko nyuma ya nyumba, bure.

Hapa ndipo lawama yangu inapoangukia, na haimwangukii mama. Kijiji kikipanga siku moja ya chanjo kabla ya kiangazi, nyumba thelathini zikachangia chupa, gharama kwa kuku mmoja inakuwa ndogo kuliko bei ya yai. Kazi ya kuitisha siku hiyo ni ya serikali ya kijiji na ofisa mifugo wa kata.

Nasi wa mjini tumo. Tabora ni njia panda tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na leo matenga ya kuku hupita humo kwa lori na kwa gari moshi. Mara nyingi, mtu akiona dalili bandani huwauza upesi waliobaki, na mchuuzi huwachanganya na wengine katika tenga moja. Ukinunua kuku watatu wa kufuga, watenge kwanza na wale ulio nao kwa wiki mbili au tatu, hata kama muuzaji anakuapia kwamba wamekunywa shubiri.