Moyo Uliochoka Nao Hutembezwa

Msikilizaji, zamani mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri aliambiwa alale tu. Siku hizi daktari humwambia avae viatu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao HF-ACTION, uliofuatilia wagonjwa 2,331 huko Marekani, Kanada na Ufaransa: mazoezi yaliyopangwa yalionekana salama, na hali ya maisha ikawa nafuu kidogo. Kidogo, nasema; si muujiza.

Sehemu kubwa ya faida iko miguuni. Misuli iliyozoea kazi hutumia vizuri zaidi damu ileile inayoifikia.

Daktari akikuruhusu, anza na dakika 5 au 10 za kutembea mahali tambarare. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kuzungumza lakini kuimba huwezi, mwendo ndio huo. Ukikatika pumzi katikati ya sentensi, punguza. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha, keti, omba msaada.

Na mizani je? Panda kila asubuhi. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, huko si kunenepa, huenda ni maji yanajaa mwilini. Siku hiyo safari ni ya kliniki.