Kliniki Hata Mtoto Akiwa Mzima

Wengi wetu tukishamaliza chanjo ya surua ya miezi 9, kijitabu cha kliniki hulala kabatini. Mtoto anacheza, anakula. Ya nini kupanga foleni? Lakini chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa akifika miezi 18, na vitamini A kila miezi 6 mpaka atimize miaka 5.

Rudi kituo kile kile, kijitabu mkononi. Daktari au muuguzi anayeijua familia yenu ataona mstari wa uzito ukianza kushuka kabla wewe hujaona mtoto akikonda. Na nyanya aliyemsindikiza mjukuu? Naye apimwe presha hapo hapo. Presha mara nyingi haiumi, kwa hivyo asingoje kuumwa na kichwa.