Siku Tisa Zilizobaki

Msikilizaji, mke wangu alipopangiwa upasuaji wa kuondoa kizazi, niliomba likizo yangu yote ya mwaka ianze siku ile ile anayolazwa. Leo nakueleza kosa hilo, maana wapo wenzangu wanaopiga hesabu kama yangu usiku huu.

Siku alizolala wodini, mimi nilikuwa nje chini ya mwembe na vyombo vya chakula, nasubiri saa ya kuona wagonjwa. Manesi walikuwepo na dawa alipewa kwa wakati. Upasuaji ukaahirishwa mara moja, ukaahirishwa tena, na likizo inaliwa tu: siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zimo humo humo. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, zilikuwa zimebaki siku tisa.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanzia. Daktari alisema asibebe kitu kizito kwa wiki sita. Kitu kizito ni ndoo ya maji, ni mtoto wa miaka miwili, ni sufuria ya maharage. Hata kumwamsha kitandani kuna namna yake. Humvuti mikono akiwa chali. Anageukia ubavu kwanza, anashusha miguu, wewe unamshika bega naye anajisukuma kwa kiwiko, taratibu. Kikohozi kikimjia, anakumbatia mto tumboni ili mshono usivutike. Usiku unamgusa paji la uso kama ana homa. Asubuhi unatazama kidonda, unatazama na miguu, kwa sababu mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda, na hapo ni kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Basi wewe unayepanga, siku ya upasuaji uwepo, lakini likizo kubwa iwekee siku ya ruhusa. Mwambie bosi mapema kwamba tarehe inaweza kusogea, mpelekee na barua ya daktari. Na shemeji zako, ambao wote watataka kuja wiki ya kwanza, waombe wapokezane kuanzia siku unayorudi kazini.

Lakini hata mpango mzuri unakwama kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huku Tanzania Bara, inanipa siku 4 zenye malipo mtoto wangu akiugua au akifariki. Mke wangu akifariki, inanipa siku 4. Mke wangu akiugua, kifungu kinachotoa siku hizo hakisemi kitu. Likizo ya ugonjwa nayo ni ya mfanyakazi mwenyewe anapoumwa. Nina siku za kumzika mke wangu, sina zenye malipo za kumuuguza apone. Jambo hili linaniuma, na nawaomba wabunge wetu waongeze ugonjwa wa mwenza katika kifungu hicho, kwa siku zinazotosha kweli kumuuguza mtu.

Siku ya kumi niliondoka alfajiri kwenda kazini. Nilimwachia chai kwenye chupa, simu kando ya mto, ndoo imejaa bafuni. Saa tano akapiga simu, sauti iko chini. Mtoto alikuwa amemwaga maji yote.

"Baba watoto, usinigombeze," akasema. "Nimechota nusu ndoo tu."