Simu Ikilia, Mgonjwa wa Moyo Ainuke



Leo hatukuja na kitabu. Tumekuja na simu. Wengi wenu mnazo mifukoni, na wengine mmeziacha dukani zinachajiwa. Tunataka tuzungumze jinsi simu inavyoweza kumsaidia mgonjwa wa moyo afanye mazoezi kila siku.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Moyo unasukuma damu mwilini, lakini na wenyewe unalishwa damu na mishipa yake. Mshipa mmoja ukiziba, sehemu ya moyo hukosa damu na huanza kufa. Hapo ndipo mtu hushikwa na maumivu ya kifua, na asipowahishwa hospitali anaweza kupoteza maisha. Shirika la Afya Duniani linasema maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019. Zaidi ya robo tatu ya vifo hivi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, nchi kama yetu. Basi tusiseme tena kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa mjini.

Katika kijiji kimoja tunachokihudumia yuko mzee, mhitimu mwenzenu, aliyepatwa na ugonjwa huu. Alitibiwa, akarudi nyumbani na vidonge. Daktari alimwambia: "Mzee, utembee kila siku. Anza na dakika 10, uongeze polepole."

Nyumbani mambo yakawa mengine. Akisimama tu, watoto wanasema: "Baba, kaa! Unatafuta nini? Sisi tupo." Mkewe akamwekea kiti chini ya mwembe. Mzee akakaa miezi mitatu. Siku alipojaribu kwenda msikitini, alihema mpaka akaketi kando ya njia. Watu wakasema, mnaona, ugonjwa umezidi. Alipopelekwa kliniki akapimwa, akaambiwa moyo haujaharibika zaidi. Mwili ndio umelegea kwa kukaa.

Ndugu zetu, watoto wale hawakuwa wabaya. Walimpenda baba yao. Lakini walimpenda kwa namna iliyokuwa inammaliza.

Tukashauri simu ya kijana wake iwe inamkumbusha kutembea. Hapa tukafanya kosa, na tunalisema ili ninyi msilirudie. Tulimwambia kijana aweke kengele ya saa kumi na mbili asubuhi. Akaandika 12:00. Asubuhi simu ikawa kimya. Ikalia saa sita mchana, jua la utosi, na mzee wa watu akachukua fimbo akatoka. Alirudi na kizunguzungu. Kosa lilikuwa letu. Simu huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Saa yetu ya 12 asubuhi, simu huiandika 06:00. Saa yetu ya 11 jioni, huiandika 17:00. Andikeni hayo kwenye madaftari.

Mara ya pili tukamwuliza mwenyewe: "Mzee, wewe wakati gani unaona vyema?" Akasema, jua likishapoa, kabla ya magharibi. Tukaweka 17:00. Chini yake akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Tembea mpaka shuleni urudi." Kisha tukawaita watu wote wa nyumba ile. Tukakubaliana kwamba kengele ile si ya mzee peke yake. Ikilia, hakuna wa kumwambia kaa. Mmoja anainuka naye. Siku za kwanza aliishia nusu ya njia. Sasa anafika shuleni na kurudi, na njiani anazungumza na mkewe bila kuhema.

Jambo hili limejaribiwa pia na wataalamu. Huko Sydney, Australia, wagonjwa wa moyo 710 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi wa simu mara nne kwa wiki, kwa miezi sita. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: waliopata ujumbe walifanya mazoezi zaidi, na wavutaji wa sigara miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wenzao. Simu janja inarahisisha kazi, maana nyingine huhesabu hata hatua. Lakini ujumbe mfupi na kengele vimo hata katika simu ndogo ya tochi.

Wazazi wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwa makundi, wakasikiliza redio, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Na simu nayo haitembei. Ikilia mkaizima mkaendelea kukaa, mmechosha betri bure.

Sasa tahadhari. Mgonjwa asianze mazoezi kabla ya kumwuliza daktari wake. Aanze kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Mwendo unaofaa ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza, ila hawezi kuimba. Akisikia maumivu ya kifua, au pumzi zikambana, au kizunguzungu, asimame hapo hapo apumzike. Maumivu yasipoisha upesi, au yakienda mkononi au tayani, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Na mazoezi hayaondoi dawa. Vidonge vinywewe kama alivyoandikiwa, hata kengele yake iwekwe pia.

Kazi ya wiki hii ni hii. Mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani amwulize daktari kamruhusu nini, kisha mgonjwa achague saa yake. Wengine wote fungueni simu zenu, mfanye zoezi la kuweka kengele. Halafu jadilini katika kundi:

1. Saa 1 asubuhi, simu inaiandikaje?
2. Katika nyumba zetu, nani anamwambia mgonjwa akae, na kwa nini?
3. Kengele ikilia, nani atainuka naye?