Tuhesabu Pumzi za Mtoto

Sisi wauguzi tunaotembelea vijiji vya Kitale na Bungoma tunaona jambo moja kila msimu wa baridi. Mtoto analetwa siku ya tatu, amekunywa dawa ya kikohozi ya dukani, midomo imeshakuwa ya buluu. Nyumbani walisikiliza kikohozi. Sisi tunaangalia kifua.

Fanyeni hivi. Mtoto akitulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua, shika saa au simu. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima, si nusu, maana mtoto mchanga hapumui sawasawa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Basi ni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mbavu zikibonyea ndani akivuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje asubuhi. Amsheni mtu wa bodaboda!

Hata sisi tumewahi kuteleza. Mtoto mmoja aliwekewa oksijeni, nyanya yake akadhani inapotea bure, akaifunga. Hatukuwa tumemweleza. Alipona, lakini ni bahati tu. Siku hizi tunaeleza kwanza: oksijeni hufungwa na muuguzi, na moto usiikaribie.

Chanjo ya nimonia, iliyoanza Kenya mwaka 2011, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haya, leteni vitabu vya kliniki tuviangalie.